Stempu ya Korea yenye bendera ya Ethiopia na muhuri wa 4284, wajuzi wa stempu za kumbukumbu karibuni

#1 Mkusanyaji_Arusha
Wakuu salaam. Nimerithi albamu ya marehemu mjomba, alikuwa karani wa posta miaka hiyo na stempu ndio ilikuwa starehe yake, alikuwa anabandua kwenye bahasha moja moja anakausha kwenye gazeti. Ukurasa wa mwisho kaandika kwa penseli "Korea??" na kuna stempu moja tu. Fremu ya kijani, kushoto bendera ya kijani njano nyekundu ambayo mimi naiona ni ya Ethiopia, kulia bendera ya Korea na lile duara lake la nyekundu na buluu. Thamani 500. Muhuri umegonga kona kwa wino mweusi, nimeweka kioo cha kukuzia nikasoma 4284 halafu namba zinazofuata zimefutika.
Maswali yangu: hiyo 4284 ni nini? Ethiopia imefikaje kwenye stempu ya Korea? Na nikiangalia stempu zao za kumbukumbu mtandaoni naona kila moja imejaa alama, maua, duara, vijistari vyeusi, njiwa, mnara. Hizi alama wanamwambia nani? Maana barua ya kwenda kijiji cha jirani haihitaji yote hayo.

#2 Ngosha_wa_Ziwa
4284 ni namba ya ofisi ya posta mkuu. Hata zetu zamani kuna mihuri ilikuwa na namba.

#3 Kipusa_254
Hapana Ngosha, huo ni mwaka. Korea wana kalenda yao ya Juche, niliona stempu ya kwao imeandikwa Juche 97 na pembeni kwenye mabano 2008. Kwa hiyo yako ni mwaka wa kikwao.

#4 KaraniWaZamani
Kipusa uko nusu njia. Ni mwaka kweli lakini si Juche. Juche ni ya Kaskazini, wameanza kuitumia 1997, na wanahesabu mwaka wa 1 kuanzia 1912 alipozaliwa Kim Il-sung. Ukipiga hesabu hiyo 1951 ingekuwa Juche 40, huwezi kufika elfu nne.
Hiyo ni kalenda ya Dangun. Dangun ndiye mwasisi wa taifa kwenye simulizi zao, wanasema alianzisha ufalme mwaka 2333 kabla ya Kristo. Serikali ya Kusini ilitumia hesabu hiyo rasmi tangu 1948 mpaka mwisho wa 1961. Toa 2333 kwenye 4284 unabaki na 1951. Barua yako imepita posta vita vikiwa vimepamba moto.

#5 Ngosha_wa_Ziwa
Sawa mzee nimekubali. Hapo kwenye 2333 sikuwepo.

#6 Binti_Mvita
Assalaam aleikum. Sasa hapo ndio mjue Ethiopia imeingiaje. Vita vya Korea 1950 mpaka 1953, Haile Selassie alipeleka askari wake chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kikosi cha Kagnew, walitua Busan Mei 1951. Kwa Afrika ni Ethiopia na Afrika Kusini tu ndio walipeleka wapiganaji. Korea Kusini ikatoa seti kubwa ya kuwashukuru wote waliowasaidia, kila nchi na bendera yake upande wa kushoto na ya Korea upande wa kulia. Bendera zimechapwa kwa rangi zake halisi, ndio maana mkuu #1 umeitambua mara moja. Kila nchi ilipata mbili, ya kijani na ya buluu, kwa hiyo tafuta pacha wake.

#7 Fundi_Saa
Nchi 22, stempu 44. Ndiyo seti inayosumbua watu kuikamilisha.

#8 KaraniWaZamani
Fundi, 44 ni sahihi, 22 sio. Waliopeleka wapiganaji ni nchi 16, waliopeleka matibabu tu ni 5, jumla 21. Mara mbili ni 42. Zile mbili za ziada ni Italia. Walichora bendera ya Italia ikiwa na taji la mfalme wakati Italia imeshaacha ufalme tangu 1946, ikabidi watoe upya bila taji. Kwa hiyo Italia ina nne.

#9 Fundi_Saa
Ahaa. Miaka yote nahesabu nchi na moja inanipotea, kumbe ni Italia imejirudia. Asante mzee.

#10 Mwalimu_Semeni
Hilo taji linanisikitisha kidogo ukifikiria. Mchoraji yuko kwenye nchi inayopigwa mabomu, Seoul imeshabadilishana mikono mara nne ndani ya mwaka mmoja, anaambiwa chora bendera ishirini na moja haraka. Bila shaka alikuwa na kitabu cha zamani cha bendera basi akachora alichokiona.

#11 Kipusa_254
Ama Italia wenyewe ndio walipeleka picha ya zamani. Hujui.

#12 Dereva_wa_Kongwa
Mimi nauliza kitu kingine. Nchi iko vitani, watu wamekimbia makwao, karatasi yenyewe ya shida, halafu unachapa stempu 44 za rangi rangi? Hiyo sio shukrani hiyo, ni biashara. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya watanunua seti nzima, wewe unapata dola. Shukrani ungeweza kutoa stempu moja yenye bendera zote.

#13 Binti_Mvita
Dereva sikubaliani na wewe hata kidogo. Wewe mtu kakutolea mwanawe afe kwenye baridi ya nchi usiyoijua, utamshukuru kwa mkupuo na wenzake ishirini? Kila mmoja anataka aone jina lake. Hata kwenye arusi kadi ya shukrani unaandika moja moja. Na Korea hawajasahau mpaka leo, nenda Chuncheon kuna jumba la kumbukumbu la Waethiopia waliopigana, na Haile Selassie mwenyewe alikwenda kule 1968 kwa ajili ya mnara wao.

#14 Mwalimu_Semeni
Mimi naona mmeacha la tatu. Mwaka 1951 mazungumzo ya kusimamisha vita yameanza na Wakorea wa Kusini wanaogopa wataachwa solemba. Barua yenye bendera ya Ubelgiji ikifika Ubelgiji inamkumbusha mtu mmoja jikoni kwake kwamba nchi yake iko kule. Ni kama kumshika mgeni mkono asiondoke mapema. Biashara inaweza kuwemo, shukrani ipo, lakini aliyeagiza seti ile alikuwa anaangalia mlango.

#15 Dereva_wa_Kongwa
Mwalimu umeongea. Ila dola zilikuwemo.

#16 Mkusanyaji_Arusha
Nimesoma zote, nashukuru sana. Hiyo 500 sasa ni hela ya nini? Won? Nilikuwa naangalia won ya leo, 500 hainunui hata soda kule.

#17 KaraniWaZamani
Ni won ya wakati ule, usiichanganye na ya leo. Februari 1953 walibadilisha, won 100 ikawa hwan 1. Juni 1962 wakabadilisha tena, hwan 10 ikawa won 1. Kwa hiyo 500 yako kwanza imekuwa hwan 5, halafu ikawa nusu won. Ukikutana na stempu ya kumbukumbu ya Kusini imeandikwa hwan unajua hapohapo ni kati ya 1953 na 1962, huhitaji hata katalogi.

#18 Mjukuu_wa_Posta
Naomba nijibu lile duara maana hakuna aliyeligusa na ndilo lililoulizwa. Linaitwa taegeuk. Nyekundu juu, buluu chini, zinafukuzana. Watu wanasema ni ile ya Wachina ya nyeusi na nyeupe, asili ya fikra ni moja kweli, ila Wakorea wameishika kwa rangi zao. Vile vijistari vyeusi kwenye pembe nne vina majina, ambavyo havikukatika vitatu ni mbingu, vilivyokatika vyote ni dunia, vilivyokatika cha katikati ni moto, na vilivyokatika cha juu na cha chini ni maji. Ukiona stempu yao wamelichora duara peke yake bila bendera, jua bado wanaizungumzia nchi. Stempu zao za 1895 zinaitwa kabisa stempu za taegeuk, na zilichapwa Washington huko Marekani.

#19 Ngosha_wa_Ziwa
Zilichapwa Marekani kwani wao hawakuwa na mashine?

#20 Mjukuu_wa_Posta
Kaa nikwambie, hii hadithi naipenda sana. Posta ya kwanza ya Korea ilifunguliwa Seoul tarehe 18 Novemba 1884, mkuu wake Hong Yeong-sik, kijana aliyekuwa ameshatembea Marekani akaona posta inavyofanya kazi. Stempu ziliagizwa Japani, aina tano: mun (hela yao ya wakati ule) 5, 10, 25, 50 na 100. Siku ya kufungua zikawa zimefika mbili tu, ya 5 na ya 10. Tarehe 4 Desemba ikaandaliwa karamu ya kusherehekea posta mpya, wageni wamekaa mezani, ndipo kundi la wanamageuzi likafanya mapinduzi palepale kwenye karamu. Hong mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mapinduzi yalidumu siku tatu, majeshi ya China yakaingia, Hong akauawa, posta ikafungwa. Zile stempu tatu zilizobaki zilifika hakuna posta. Miaka kumi na kitu nchi ikakaa bila stempu mpaka 1895.
Ndio maana barua yenye stempu ya 1884 iliyogongwa muhuri kweli kweli ni kitu cha kutafutwa kwa tochi. Posta yenyewe haikumaliza mwezi.

#21 Kipusa_254
Wueh. Karamu ya posta.

#22 Binti_Mvita
Na ya kwanza ya kumbukumbu ni ipi? Hizo za 1884 ni za kawaida.

#23 KaraniWaZamani
1902, thamani jeon 3 (hela yao ya wakati ule), Kaizari Gojong kuingia mwaka wa 40 wa utawala. Sasa hapa kwenye mchoro ndio patamu. Posta za Ulaya wakati ule zingeweka kichwa cha mfalme, Victoria tulimwona mpaka tukamchoka. Wakorea hawakuweka uso wa Gojong. Waliweka kofia yake ya kifalme.

#24 Fundi_Saa
Kwa nini kofia? Aibu?

#25 KaraniWaZamani
Mimi nilivyoelewa ni heshima. Ukiweka uso wa mfalme kwenye stempu maana yake kila karani atamgonga na muhuri mweusi usoni, na mwananchi ataulamba mgongo wake.

#26 Mjukuu_wa_Posta
Mzee hilo la kugonga muhuri nalisikia sana lakini mimi naliona ni sababu iliyotungwa baadaye. Tazama walichokuwa wanaweka kabla: taegeuk, ua la plamu ambalo ni ua la ukoo wa kifalme wa Yi. Walikuwa hawana mazoea ya sura ya mtu, walikuwa wanachora alama ya ukoo na alama ya cheo. Kofia ni cheo. Ni mwendelezo tu.

#27 Mwalimu_Semeni
Yote mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Isitoshe miaka mitatu tu baadaye, 1905, Japani ikachukua posta na simu zote za Korea, na posta ya Japani ikatoa stempu ya kumbukumbu ya kuunganisha posta za nchi mbili. Yaani Mkorea anapoteza posta yake halafu anauziwa stempu ya kusherehekea.

#28 Dereva_wa_Kongwa
Hiyo inauma aisee.

#29 Mjukuu_wa_Posta
Ngoja, kuna kinachouma zaidi. Mei 1946, baada ya ukombozi, Kusini iko chini ya jeshi la Marekani, zinatoka stempu za kumbukumbu ya ukombozi kutoka kwa Wajapani. Familia na bendera ya taegeuk, ile bendera iliyokuwa marufuku. Unajua zilichapwa wapi? Japani. Zile za posta ya kwanza Japani, za uhuru Japani.

#30 Ngosha_wa_Ziwa
Mitambo ndiko ilikokuwepo, mtafanyaje. Hata sisi stempu za uhuru hatukuchapa wenyewe.

#31 Mwalimu_Semeni
Kweli Ngosha. Ila agosti 15 ya mwaka uleule ikatoka nyingine ya kutimiza mwaka mmoja, njiwa na ramani ya Korea. Hiyo ramani itazame vizuri, ni nzima kutoka juu mpaka chini. Hakuna mstari wa nyuzi 38 uliogawa Kaskazini na Kusini, wakati mstari ulikuwa umeshachorwa na askari wamesimama juu yake.

#32 Kipusa_254
Na Kaskazini walitoa nini mwaka huo?

#33 KaraniWaZamani
Machi 12, 1946, mbili. Moja ya milima ya Kumgang, nyingine ua la mugunghwa.

#34 Binti_Mvita
Mugunghwa? Si ndio ua la taifa la Kusini hilo! Ni jamii ya haibiskasi, ule mti wa maua tunaopanda uani ni binamu yake.

#35 KaraniWaZamani
Ndilo hilohilo. Wakati huo halikuwa la Kusini wala la Kaskazini, lilikuwa la Wakorea. Kaskazini baadaye wakachukua magnolia kuwa lao. Kwa hiyo stempu ya kwanza kabisa ya Pyongyang ina ua ambalo leo limebaki kwa jirani. Mimi katika mkusanyiko wangu wote hakuna kipande kinachonifanya nikae kimya kama hicho.

#36 Mama_Abuu
Salaam. Mimi sio mkusanyaji ila baba yangu miaka ya themanini alikuwa anaandika barua Pyongyang anatumiwa majarida bure, na bahasha zilikuwa zinakuja na stempu nzuri mno, kubwa, zinang'aa. Mojawapo ilikuwa na Prince Charles na Diana. Tulibishana sana nyumbani, mama anasema hiyo ni ya Uingereza, baba anasema angalia imeandikwa DPR Korea. Nchi ya kijamaa inamweka binti wa kifalme wa Uingereza kwenye stempu kwa sababu gani?

#37 Dereva_wa_Kongwa
Dola. Hapo sasa mnanipa haki yangu. Harusi ile ilikuwa Julai 1981 na dunia nzima ilikuwa inanunua kila kitu chenye sura ya Diana. Wakaendelea, akizaliwa William stempu. Wananchi wao wala hawakuwajua hao watu.

#38 Mama_Abuu
Lakini baba yangu alitumiwa kwenye bahasha, haikuuzwa. Imepita posta.

#39 Fundi_Saa
Dada inapita, ilikuwa halali kutumika, sema ililengwa nje. Kaka yangu ana za kwao za paka, za meli, mpaka zile ukizigeuza picha inacheza. Na nyingi zina muhuri uliogongwa kiwandani, unakuta muhuri safi kwenye kona na gundi nyuma haijaguswa. Hiyo haikusafiri popote.

#40 Mwalimu_Semeni
Dereva mimi sikukatalii dola lakini kuna la pili. Nchi iliyotengwa, ubalozi wake hauko kwenye miji mingi, kitu pekee kinachoingia kwenye nyumba ya mtu Liverpool bila viza ni stempu. Kumweka Diana ni kubisha hodi. Wakati huohuo stempu za ndani wanazotoa ni za kitu kingine kabisa, 1968 walipoikamata meli ya Kimarekani ya Pueblo walitoa ya kumbukumbu, na hiyo haikulenga soko la Marekani maana Marekani wakati ule ilikuwa hairuhusu hata kuziingiza.

#41 Ngosha_wa_Ziwa
Tusiwacheke lakini. Tanzania yetu miaka ya themanini na tisini tulitoa stempu za mambo ambayo posta ya Mwanza haikuwahi kuyauza dirishani. Dinosaria, waimbaji wa Marekani. Wakala wa New York anachapa, wakusanyaji wananunua.

#42 Mkusanyaji_Arusha
Ngosha umenigusa, mjomba alikuwa anasema hivyohivyo, kwamba zipo stempu za Tanzania alizoziona kwa mara ya kwanza kwenye katalogi ya mzungu akiwa karani wa Posta!

#43 Kipusa_254
Wacha nilete zangu. Niko na za Seoul 1988, zimeandikwa 70+30. Nilidhani ni punguzo kumbe ni nini?

#44 KaraniWaZamani
70 ndiyo nauli ya barua, 30 ni mchango. Walitoa nyingi za namna hiyo tangu 1985 kuchangia Olimpiki, kila mchezo na stempu yake. Na yule chui milia Hodori, mnyama wa nembo ya Olimpiki ile, mwangalie kichwani, ana kofia ya ngoma ya wakulima wa kule yenye utepe mrefu unaozunguka.

#45 Kipusa_254
Sasa hapo Seoul Kenya tulivuna dhahabu tano! Ereng mita 800, Rono 1500, Ngugi elfu tano, Kariuki kuruka viunzi na maji, na marehemu Wangila ngumi. Na Wakiihuri fedha kwenye marathoni. Hizo stempu mimi nikizitazama naona hao.

#46 Ngosha_wa_Ziwa
Uzi umetekwa na Wakenya, tunarudi Korea saa ngapi?

#47 Kipusa_254
Narudi na Korea nikiwa nayo mkononi buda. Rais wao Chun Doo-hwan alikuja Kenya Agosti 1982, mwezi uleule wa jaribio la mapinduzi. Alizunguka Kenya, Nigeria, Gabon, Senegal, akamalizia Canada, na posta yao ikatoa stempu za ziara hiyo.

#48 Mjukuu_wa_Posta
Huyo alitoa stempu zake nyingi sana. Aliingia madarakani kwa jeshi, Mei 1980 yakatokea mauaji ya Gwangju, jeshi lilipoua waandamanaji, halafu ukifungua albamu ya miaka iliyofuata unamwona anatabasamu pembeni ya bendera ya kila nchi aliyokwenda. Nikifungua kurasa hizo huwa nazipita haraka. Stempu ya Gwangju ya wakati ule hutaipata.

#49 Mwalimu_Semeni
Na siku hizi wameanza kulibishania hilo wazi. Ilipangwa 2017 itoke ya miaka mia ya kuzaliwa Park Chung-hee, aliyekuwa rais wao, kamati ikaipitisha 2016, kelele zikawa nyingi, Julai 2017 ikafutwa. Wengine wanasema ni haki, wengine wanasema historia haifutwi kwa kura. Rafiki yangu anayeishi Busan wamegombana na baba mkwe wake mezani kwa ajili ya stempu ambayo haikuchapwa.

#50 Daktari_Mnyama
Jamani uzi mtamu. Mimi ni mganga wa mifugo na nina moja tu ya Korea, niliinunua kwa makusudi. Februari 2005, thamani 220, ya kumbukumbu ya kufanikiwa kuotesha seli shina kutoka kiinitete cha binadamu kilichonakiliwa, kazi ya mwanasayansi wao Hwang Woo-suk. Niieleze mchoro wake. Ni vivuli vya mtu. Wa kwanza amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Anayefuata anainuka. Anayefuata ameruka hewani. Mwishoni anakumbatiana na mwenzake. Ni mtu yuleyule, macho yako yanamtembeza mwenyewe bila maneno. Kwa ufundi wa kuchora sijaona stempu inayosema mengi hivyo kwenye nafasi ndogo kiasi hicho.
Na yote ilikuwa uongo. Januari 2006 uchunguzi wa chuo kikuu chake ukabaini data zimepikwa, posta ikasimamisha kuuza na kurudisha zilizobaki. Nina ndugu yangu anatembelea magurudumu tangu ajali ya pikipiki, nilipomwonyesha hakusema kitu, alikitazama kile kivuli cha kuruka muda mrefu. Tangu hapo naiweka kwenye droo ya peke yake.

#51 Binti_Mvita
Pole daktari. Mungu amfanyie wepesi ndugu yako.

#52 Fundi_Saa
Pole sana. Je, walifanya vema kuirudisha? Mimi nadhani wangeiacha.

#53 Daktari_Mnyama
Walifanya vema kuacha kuiuza. Posta ikiuza inakuwa inaahidi. Zilizokwisha kununuliwa zibaki, ndiyo ushahidi wa jinsi nchi nzima ilivyotamani.

#54 Dereva_wa_Kongwa
Mimi hapo kamati ndiyo naiona ina kosa. Mbio za nini? Kazi ya sayansi ina mwaka mmoja umeshaipa stempu? Subiri.

#55 Mwalimu_Semeni
Haraka ni tabia yao ya kumbukumbu mkuu. 2002 timu imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia Juni, Agosti stempu za wachezaji wote 23 na kocha Hiddink zipo sokoni. Ile ilikwenda vizuri kwa sababu mechi ilishachezwa.

#56 Mjukuu_wa_Posta
Na kuna zile zinazotoka ili kugombana. Januari 2004 walitoa nne za viumbe wa Dokdo, visiwa vidogo wanavyogombea na Japani. Ukizitazama hazina hata bendera. Ndege wawili wa baharini na maua mawili ya pwani, basi. Japani ikalalamika rasmi. Wakorea walipanga foleni na zilimalizika siku hiyohiyo. Na sio mara ya kwanza, 1954 walishatoa za visiwa hivyo. Kaskazini nao wakatoa za Dokdo 2004. Hapo tu ndio utakuta posta mbili za Korea zinasema kitu kimoja.

#57 Kipusa_254
Na zile za viongozi wa Kaskazini na Kusini kupeana mikono?

#58 Mjukuu_wa_Posta
2000 Kaskazini walitoa ya Kim Jong-il na Kim Dae-jung. 2018 Kusini wakatoa ya mkutano wa Panmunjom, pale mpakani, Moon wa Kusini na Kim Jong-un wa Kaskazini. Kila moja ipo kwa posta yake, ya pamoja haijatoka.

#59 Mama_Abuu
Mkuu #1 unaiuza hiyo ya Ethiopia? Nimeipenda.

#60 Mkusanyaji_Arusha
Hapana dada, hii haitoki. Na nina habari. Jana nimeipeleka kwa mzee mmoja Mhabeshi ana duka la viungo hapa mjini, nikamwambia mzee shikamoo, hebu tazama hii. Akavaa miwani, akasema bendera ni yao. Nilipomwambia ni Korea 1951 akakaa kwenye gunia la ngano. Akasema mtaani kwao Addis Ababa kulikuwa na mzee wakimwita "Koriya", watoto walidhani ni jina lake. Alikuwa na kidole kimoja kimekatika kwa baridi. Akaniomba nimpigie picha ya stempu aitume kwa dada yake.

#61 Binti_Mvita
Machozi yamenitoka wallahi.

#62 Fundi_Saa
Mkuu usiiloweke kwenye maji moto hiyo kuondoa kile kikaratasi nyuma. Maji ya vuguvugu tu, na kama kuna wino wa rangi unatoka acha kabisa. Shika kwa kibano, meno yake yasikatike.

#63 Mkusanyaji_Arusha
Sitailoweka Fundi. Nilipokuwa naigeuza nimeona kile kikaratasi ni kipande cha bahasha na kina herufi mbili za mkono, sijui Kikorea wala Kiamhara. Swali langu la mwisho: nimefuta zile alama za kuuliza za mjomba, sasa niipange kwenye ukurasa wa Korea au niifungulie ukurasa wa Ethiopia?

#64 KaraniWaZamani
Korea. Stempu inakaa kwa posta iliyoitoa.

#65 Mama_Abuu
Ethiopia.

#66 Ngosha_wa_Ziwa
Piga picha hizo herufi mbili uweke hapa, kuna mtu atazisoma.